Asili ya neno «konak»

Ndugu yangu, umeuliza iwapo Konak, jengo la Sarajevo, Bosnia, alimopelekwa Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria-Hungaria, baada ya kupigwa risasi tarehe 28 Juni 1914, lilipewa jina la mtu. La hasha. Ni neno la Kituruki lililotokana na kitenzi konmak, yaani kutua au kulala njiani, nalo limekua kama «kituo» chetu kilivyozaliwa na «kutua». Kwanza lilikuwa mahali pa msafiri kulaza kichwa. Baadaye, katika Dola ya Uthmaniya, likawa jumba la gavana, makazi na ofisi kwa pamoja, na Waserbia na Wabosnia wakalichukua neno hilo lilivyo.

Mfano ninaoupenda zaidi uko Belgrade: konaki ya Ljubica, mke wa Miloš Obrenović, mtawala wa Serbia, iliyojengwa mwaka 1829 hadi 1830, ambayo ndani yake mna ukumbi wa mabenchi marefu yaliyoambaa ukutani, wageni waketi wakizungumza. Ukumbi huo huitwa divanhana, na humo utalisikia «diwani» letu. Kwa hiyo, nisingeitafsiri konaki kuwa «ikulu» kila mara, kwani matajiri wasio na cheo nao walikuwa na zao.