Je, mfungwa amepoteza kura?

SWALI: Kaka yangu anatumikia kifungo cha miaka minane. Kila nikienda kumwona tunaongea siasa, na ameshaamua atamchagua nani 2027. Mama anasema kura yake iliisha siku aliyohukumiwa. Ni kweli? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Mwambie mama kura ipo. Katiba ya Kenya ya 2010, Kipengele cha 83, haimnyimi mtu kura kwa sababu ya kufungwa. Humnyima aliyepatikana na hatia ya kosa la uchaguzi ndani ya miaka mitano iliyotangulia. Wafungwa walipiga kura ya maoni Agosti 4, 2010, baada ya mahakama kuamua hivyo, na tangu 2017 humchagua rais. Sajili ya 2022 ilikuwa na wapiga kura 7,483 wa magereza.

Lakini ni rais tu. Sanduku la gerezani ni lile la mfuniko mweupe. La buluu la gavana na la kijani la mbunge hatayaona. Kwetu sisi hili si haki: gavana ndiye anayesimamia zahanati wanakotibiwa watoto wake.

Kinachowakosesha wengi kura ni kitambulisho, wala si hukumu. Mtu hukamatwa kikiwa nyumbani, au kikapotelea kituo cha polisi. Kitafuteni sasa. Maafisa wa tume ya uchaguzi, IEBC, wakija gerezani kusajili watataka kadi yenyewe, kwa hiyo nakala haitamsaidia. Kikiwa kimepotea, anzeni mapema kuomba kingine, na muulize ofisi ya gereza jinsi alama zake za vidole zitakavyochukuliwa.

Muulize pia kama aliwahi kujiandikisha kabla ya kufungwa. Ikiwa ndivyo, jina lake bado liko kwenye shule alikopigia, na KIEMS, mashine ya kutambua wapiga kura, ya gerezani haitamtambua hata akiweka kidole mara kumi. Asijiandikishe upya, aombe kuhamisha kituo. Hatari nyingine ni uhamisho: akipelekwa gereza jingine sajili ikishafungwa, jina hubaki kule alikotoka na kura inapotea.

Kuhusu msimamo wake, Kipengele cha 51 kinamwachia mfungwa haki zote isipokuwa zile zisizowezekana akiwa kizuizini, na kuwa na maoni ya siasa kunawezekana kabisa. Kura yake ni siri. Askari jela atamsindikiza hadi kituoni, lakini pale kwenye kibanda cha kupigia kura anaingia peke yake.