"Alazimishwa kung'atuka"? Hapana

SWALI: Shikamoo. Nimesoma kichwa cha habari kisemacho, "Kocha alazimishwa kung'atuka". Mwenzangu kazini anasema kung'atuka ni neno la kikabila, halifai gazetini. Mimi naona ni Kiswahili safi. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Kuhusu neno lenyewe, wewe uko sahihi. Kung'atuka limetoka katika Kizanaki, lugha aliyokulia Mwalimu Julius Nyerere huko Butiama, na ni yeye aliyelitia midomoni mwa Watanzania alipokuwa akijiandaa kuacha urais. Limekwisha kukaa miaka 40 katika Kiswahili. Tumepokea maneno ya Waarabu, Wareno na Wahindi, leo la Wazanaki ndilo tulikatae?

Kinachonichefua ni hicho kichwa cha habari. Alazimishwa kung'atuka! Maneno hayo mawili hayakai chumba kimoja. Anayeng'atuka ni mtu ambaye kiti bado anakimudu, hakuna anayemsukuma, naye anaamua mwenyewe kumpisha mwingine. Nyerere mwaka 1985 hakushindwa uchaguzi wala hakupinduliwa. Novemba 5 alimkabidhi urais Ali Hassan Mwinyi akiwa na miaka 63, akabaki mwenyekiti wa CCM hadi 1990, kisha akang'atuka huko nako. Hata kabla ya hapo, Januari 1962, wiki sita tu baada ya uhuru, aliacha uwaziri mkuu, Rashidi Kawawa akashika, yeye akaenda kuijenga TANU.

Kwa nini hakusema anastaafu? Kustaafu ni kwa mtumishi aliyefikisha umri. Kujiuzulu nako kuna harufu ya kashfa au ugomvi. Mwinyi huyohuyo, miaka ya 1970, alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani kwa sababu ya watu waliofia mikononi mwa dola kule Shinyanga, ingawa si yeye aliyewatesa. Hapo kujiuzulu ndilo neno lake hasa. Nyerere alihitaji neno lisilo na doa wala uchovu, akalifuata nyumbani.

Na huyu hakuwa mtu wa kupamba. Kiswahili alikutana nacho shuleni Mwisenge, Musoma, alikoanza masomo akiwa na miaka 12, na ukubwani akaitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare. Lakini Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipokuwa yameingia Kagera, sikiliza alivyowaambia wananchi: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, nia ya kumpiga tunayo. Kumpiga, basi. Neno la mtoto wa darasa la kwanza, na nchi nzima ikaelewa. Mtu wa namna hiyo akiacha maneno yaliyopo na kuleta jipya, ujue yaliyopo yalimpwaya.

Sasa turudi kwa kocha wenu. Timu imefungwa mechi tano mfululizo. Viongozi wamekesha kikaoni, barua imepigwa muhuri, na asubuhi kocha anafika mazoezini akaambiwa na mlinzi wa getini kwamba jina lake halimo tena. Huyo amefukuzwa. Ametimuliwa. Mhariri mwenye huruma aandike kwamba mkataba wake umevunjwa. Waziri ambaye uteuzi wake umetenguliwa naye hakung'atuka, hata kama aliagwa kwa keki. Kama kila anayeondoka ang'atuka, basi hata Idi Amin aling'atuka Kampala mwaka 1979, na wale wanajeshi wetu waliompeleka mbio walikuwa wakimsindikiza!

Wapo pia waliozua kung'atuliwa: "rais ang'atuliwa madarakani". Hili silikubali hata kwa dawa. Kupinduliwa lipo, kuondolewa lipo, kung'olewa lipo. Matatu hayo hayajamtosha mwandishi?

Waandamanaji wanaopaza sauti "Ang'atuke!" siwagombezi sana. Angalau wanamtaka anyanyuke kwa miguu yake, na Kenya matumizi hayo yameshaota mizizi kiasi kwamba hata nikikasirika mwaka mzima hayatang'oka.

Mwambie mwenzako neno ni halali. Mhariri, ukikutana naye, mwambie amwachie kocha kufukuzwa kwake. Na siku atakapokuwa na haki ya kulitumia, asiisahau ritifaa: ni ang'atuka, si angatuka.