Harufu Kali Bwawani Si Dalili ya Klorini Nyingi

Nilipokabidhiwa bwawa la kuogelea la nyumba moja ya wageni hapa Shangani, Mtwara, niliamini kuwa harufu kali ya dawa ni ushahidi wa maji salama. Jumapili moja watoto walioshinda majini walitoka na macho mekundu, nami, nikidhani kuwa nimezidisha klorini, nikaacha kuitia kwa siku tatu. Siku ya nne maji yalikuwa ya kijani.

Sikuwa nimepima. Harufu ile inayochoma pua hutokana na kloramini, yaani klorini iliyokwisha kuungana na jasho na mkojo wa waogeleaji, ambayo uwezo wake wa kuua vijidudu ni mdogo. Inayofanya kazi ni klorini huru, ninayoidumisha kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita. Hata hivyo naanza na pH, yaani kipimo cha uasidi au ualkali wa maji, ambayo inapaswa kuwa kati ya 7.2 na 7.8, kwa sababu ikifika 8 klorini hudhoofika sana ingawa kipimo kitaonyesha kuwa ipo ya kutosha. Na unga wa klorini, kwa bahati mbaya, huipandisha pH hiyo.

Jua la pwani yetu halina huruma. Bwawa lisilo na kivuli wala kikinga klorini likitiwa dawa saa nne asubuhi, sehemu kubwa yake huwa imepotea ifikapo saa sita. Kwa hiyo mimi hutia dawa baada ya magharibi, pampu ikiendelea kuzungusha maji (umeme ukiwepo), kisha napima alfajiri kabla mgeni yeyote hajaingia. Asidi ya sainuriki, kwa kiasi cha miligramu 30 hadi 50 kwa lita, huikinga klorini dhidi ya jua. Tatizo ni kwamba vidonge vingi vya klorini vinayo ndani yake, hujilimbikiza kila unapovitumia, na ikizidi huishikilia klorini hadi ikashindwa kufanya kazi. Njia ya kuipunguza ni kumwaga sehemu ya maji na kujaza mengine.

Usikadirie kwa kopo. Bwawa letu lina urefu wa mita 10, upana wa mita 4 na kina cha wastani cha mita 1.5, yaani lita 60,000. Kupandisha klorini kwa miligramu 2 kwa lita kunahitaji gramu 120 za klorini halisi, ambazo kwa unga wa asilimia 65 ni takriban gramu 185.

Unga huo naukoroga kwanza kwenye ndoo iliyokwisha kuwekwa maji. Kamwe simwagii maji juu ya unga. Vidonge navihifadhi mbali nao, kila aina na kijiko chake, kwa kuwa aina hizo mbili zikichanganyika zinaweza kuwaka au kulipuka.