Muulize Fundi: Kibodi ya baba na kofia zisizoingia

SWALI: Shikamoo Fundi. Marehemu baba alikuwa mhasibu, na katika vitu alivyotuachia kuna kibodi ya Dell, nzito, nyuma imeandikwa AT101W. Kila kitufe kinagota kidogo kabla hakijashuka. Kijana wa duka la kompyuta alichomoa kitufe kimoja, akaona cheusi ndani, akasema hizo ni swichi nyeusi za kampuni ya Cherry. Nikaagiza seti ya kofia mpya 104, yaani vile vifuniko vya vitufe vyenye herufi, kwa shilingi 65,000. Haiingii hata moja. Tena herufi N haishiki mpaka niibonyeze kwa nguvu. Hizi ni swichi gani, na zinatengenezeka? Natamani kuitumia kila siku.
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kumpoteza mzazi. Kibodi hiyo usiitupe. Swichi zake, yaani vile vifaa vilivyo chini ya kila kofia vinavyopokea mbonyezo, ni nyeusi za kampuni ya Kijapani ya Alps, na zinatengenezeka.

Kijana wa dukani alianza na rangi, na rangi ndiyo inayopoteza wengi. Cherry, katika aina yao iitwayo MX, wana swichi nyeusi, Alps nao wana yao, na hazina undugu wowote. Barua yako mwenyewe ilikwisha kuzitenganisha: umesema kitufe kinagota. Cherry nyeusi haigoti. Inashuka laini kutoka juu hadi chini. Alps nyeusi ndiyo inayokizuia kidole kwa muda mfupi tu, kisha inaachia.

Ili uhakikishe kwa macho, chukua tochi uchomoe F12. Usianze na Space, Enter wala Shift, maana chini yake kuna waya wa chuma unaozuia kitufe kisiyumbe, na ukivuta ovyo utavunja vishikizo vyake. Nyoosha klipu mbili za karatasi, zipinde ncha ziwe ndoano, zipitishe pande mbili za kofia, uvute wima. Kisu kiache jikoni. Nimepokea kibodi nyingi zilizochubuliwa kwa kisu.

Sasa tazama umbo kabla ya rangi. Cherry MX ina msalaba mdogo uliosimama, kama alama ya kujumlisha, na kofia yake ina tundu la msalaba. Alps ni kinyume: swichi ndiyo yenye tundu, la mstatili mwembamba, na kofia ndiyo yenye ulimi wa kuingia humo. Igeuze kofia ya baba yako uiweke kando ya moja ya zile mpya, utaona mara moja kwa nini zinakataana. Halafu mulika ganda la juu la swichi: Alps wenyewe mara nyingi wameandika jina lao hapo, herufi ndogo sana zilizoinuka kwenye plastiki.

Ungekuta springi imesimama ndani ya kibomba, ningekwambia una IBM Model M, kibodi iliyotoka mwaka 1985. Ile haina swichi moja moja. Springi inapinda ghafla, inasukuma kinyundo, nacho kinagandamiza karatasi za plastiki zenye njia za umeme. Na ungekuta kikombe cha mpira, hiyo ingekuwa kibodi ya kawaida tu.

Ukishajua kwamba ni Alps, ndipo rangi inapokuwa na maana. Bluu na nyeupe zinalia tik. Ya chungwa ilitumika kwenye Apple Extended Keyboard ya mwaka 1987, nayo inagota bila kulia. Ya rangi ya krimu imewekewa vipande vya mpira ili kupunguza kelele. Wako wanaoidharau nyeusi kwa sababu ni nzito kidogo. Mimi naipenda. Iliyotunzwa inajibu kidole vizuri sana, na hiyo ya baba ikisafishwa utaona.

Tuje kwenye N. Adui mkubwa wa Alps ni vumbi. Ganda la juu linafunguka swichi ikiwa bado mahali pake: sukuma vishikizo vya pembeni kwa ncha mbili za koleo ndogo, linyanyue taratibu, na uweke kidole juu springi isiruke. Utakuta kipande cheusi, springi, na upande mmoja kijibati chembamba kilichopinda; hicho ndicho kinachofanya kitufe kigote. Upande wa pili ni mahali umeme unapogusana, hapo usipachokonoe. Puliza vumbi, futa kipande cheusi kwa kitambaa kikavu, rudisha. Mafuta ya kupuliza usiyatie kabisa. Niliwahi kumtilia mteja swichi kumi na mbili, zikateleza vizuri kwa muda, kisha vumbi likagandia humo na zikawa ngumu kuliko mwanzo.

N ikiendelea kugoma, mpe fundi mwenye mkono mtulivu ayeyushe risasi kwenye miguu miwili ya swichi hiyo, aitoe, na mahali pake aweke ile ya Scroll Lock, ambayo baba yako huenda hakuigusa kabisa. Ile ya N iende kwenye Scroll Lock.

Kofia za baba zioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, zikauke usiku kucha kabla ya kuzirudisha. Zile mpya usizichonge ili ziingie, utavunja swichi. Zirudishe dukani pamoja na kofia moja ya zamani, umwoneshe yule kijana ulimi na msalaba.