Rapamaisini na saratani ya kibofu
Je, dawa ya kushusha kinga ya mwili inaweza kuzuia saratani ya kibofu cha mkojo? Ndiyo, iliwahi kuizuia, lakini kwa panya. Ni rapamaisini, ile wanayopewa waliopandikizwa figo. Inabana mTOR, protini inayozihimiza seli zikue na kugawanyika. Kwenye utafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, uliotoka 2009, panya walioondolewa jeni za p53 na Pten, zinazozuia uvimbe, kwenye kibofu waliingiziwa dawa humo humo kibofuni, na uvimbe ukadhibitiwa. Ila saratani ya kibofu inayoletwa na kichocho, ya kwetu Kanda ya Ziwa, Tanzania, ina chanzo tofauti na cha panya hao. Tafadhalini, mtu asijinunulie dawa hii. Inafungulia maambukizi mlango.