Ami katumiwa vipimo vya ini: tuanzie wapi kuvisoma?

Karatasi ya vipimo vya ini hutisha kwa zile herufi za H, yaani "juu ya kawaida", zilizojipanga pembeni. Ami yangu, fundi wa majahazi Matondoni, kisiwani Lamu, alinitumia picha ya yake kwa WhatsApp, na kabla sijaisoma sawasawa watu wa nyumbani walikuwa washaamua kuwa ini limekwisha. Mmoja kataja saratani, mwingine kataja husda.

Usihangaike na namba moja. Tazama ni kundi gani lililopanda. ALT na AST ni vimeng'enya vinavyokaa ndani ya seli. Seli zikiumia, humwagika kwenye damu. ALT ndiyo ya ini hasa. AST hutoka kwenye misuli pia, kwa hiyo mtu anayeshinda akibeba mbao na kupiga randa aweza kuwa nayo juu kidogo na ini lisiwe na neno. ALP na GGT, vimeng'enya vingine, zikipanda pamoja, na mkojo ukawa kama chai ya rangi, choo kikapauka, mwili ukawasha, daktari atashuku njia ya nyongo imeziba na ataagiza picha ya tumbo. ALP peke yake huweza kutoka kwenye mifupa. Bilirubini, rangi itokayo kwenye chembe nyekundu zinazovunjika, ndiyo inayotia macho umanjano, lakini malaria na selimundu nazo huipandisha, maana chembe nyekundu za damu huvunjika kwa wingi.

Hizo peke yake hazikwambii vizuri ini linafanya kazi kiasi gani. Hilo litazame kwenye albumini, protini ya damu, na INR, kipimo cha kuganda kwa damu, kwa kuwa ini ndilo linalotengeneza protini hiyo pamoja na vitu vya kugandisha damu. Mwenye ALT ya 90 na albumini nzuri huenda akawa na nafuu kuliko mwenye ALT ya 45 na tumbo lililojaa maji. Ini lililojaa makovu huweza kutoa ALT ya kawaida kabisa. Ndiyo maana sipendi mtu aniambie "imepanda mara mbili" halafu anyamaze.

Lililotufaa zaidi halikuwa kwenye karatasi. Nilimwomba Ami amwage mkekani kila anachomeza. "Ni hii ya magoti tu, mwanangu," akasema. Mkewe akainuka bila neno, akarudi na mfuko: vidonge vya maumivu vya aina mbili, vya mafua, na chupa ya zamani ya sharubati iliyojaa maji ya mizizi, haina hata karatasi. Muuzaji alisema inasafisha damu. Kusoma maandishi madogo, parasetamoli, ambayo ikizidi huumiza ini, ilikuwa kwenye pakiti mbili zenye majina tofauti. Mtu mzima mwenye afya hapaswi kupita gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na mwenye shida ya ini huenda akapangiwa chini ya hapo.

Tulivibeba vyote kwa daktari, chupa na yote. Muulize mzee "kuna kingine unachokunywa?" kwa upole, kwani ukianza na "unatumia miti shamba?" atakataa. Habari ya pombe iulizwe faraghani. Mbele ya wakwe jibu huwa moja tu. Miraa nayo itajwe. Mgonjwa akiwa kwenye dawa za kifua kikuu, ambazo nazo huweza kuumiza ini, asiziache kwa uamuzi wake. Kliniki ipigiwe simu siku hiyohiyo.

Muulizeni daktari kuhusu kipimo cha homa ya ini B na C, na sukari pia, kwani mafuta kwenye ini huandamana sana na kisukari na kitambi. Homa ya ini B ikionekana, wa nyumbani nao wapimwe, na asiyekuwa nayo wala kinga yake apate chanjo. Ami aliambiwa aache chupa na vidonge vile, apimwe tena baada ya wiki kadhaa. Namba zilishuka, magoti ndiyo bado anayalalamikia.

Ila mgonjwa akianza kuchanganyikiwa au kusinzia ovyo, akitapika damu, akitoa choo cheusi kama lami, au macho yakigeuka manjano ghafla, karatasi wekeni kando. Tafuteni boti usiku huohuo mumpeleke hospitali, na ule mfuko wa dawa mwende nao.