Waliobaki wawili ni wa kaskazini

Ndugu, umeuliza inakuwaje tuseme vifaru weupe wamebaki wawili ilhali uliwaona kadhaa katika Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Wale ni wa jamii ya kusini, ambao bado wapo kwa maelfu. Waliobaki wawili ni wa kaskazini, Najin na bintiye Fatu, wanaolindwa usiku na mchana na askari wenye silaha katika hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia. Dume wa mwisho, Sudan, alikufa Machi 2018.

Zamani walienea kutoka Chad hadi Uganda, lakini ujangili wa pembe na vita viliwamaliza, hata katika mbuga ya Garamba, nchini Kongo, wakabaki 15 tu mwaka 1984.

Kazi ya kuwaokoa inaendelea, nami naiunga mkono kwa dhati, kwa maana aliyewafikisha hapo ni binadamu. Fatu hudungwa dawa ya usingizi, mayai yake yakatolewa kwa sindano ndefu na kupelekwa kwa ndege hadi maabara nchini Italia, ambako hurutubishwa kwa mbegu zilizogandishwa za madume waliokwisha kufa. Kwa kuwa yeye na mamake hawawezi kubeba mimba, kiinitete, yaani yai lililorutubishwa na kuanza kukua, hupandikizwa katika jike la kusini, na mimba ya kifaru huchukua takriban miezi 16. Januari 2024 wanasayansi walitangaza kwamba upandikizaji umefaulu kwa mara ya kwanza, kwa kiinitete cha kusini, ingawa jike huyo alikufa kwa maambukizi ya bakteria mimba ikiwa ya siku 70.